Miaka Thelathini na Minane ya Mwalimu Kwa Sasa

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Kwa Sasa, alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Machi 1962, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na mlango wa nyuma wa kiwanda cha uchapaji. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba yetu alikuwa mpanga herufi katika kiwanda hicho. Kazi yake ilikuwa kuokota herufi za chuma moja moja na kuzipanga kinyumenyume, ili zikipigwa kwenye karatasi zisomeke sawasawa. Mama yetu alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa pembeni mwa kitanda, kwa hiyo sisi watoto tulilala tukisikia sindano.

Baba alikuwa akirudi na herufi mbovu mfukoni, zile zilizovunjika pembe zisizofaa tena kuchapia. Hizo ndizo zilizokuwa vidoli vya marehemu. Kabla hajatimiza miaka sita alikuwa anasoma na kuandika, ila alisoma na kuandika kama herufi za baba zilivyokaa: kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi imegeuza mgongo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1969. Mwalimu wake alipoona daftari lile alidhani mtoto ana kasoro, akamweka nyuma kabisa, karibu na kabati la mafagio. Akakaa huko muhula mzima, kimya, anaandika. Mama alipoitwa shuleni kuelezwa kwamba mwanawe ni mzito, hakubishana. Alitoa kioo kidogo kwenye mkoba wake, akakisimamisha kando ya daftari, akamwambia mwalimu asome kilichomo ndani ya kioo. Mwalimu akasoma ukurasa wote bila kukuta kosa hata moja. Alicheka mpaka akakaa chini. Hata hivyo, marehemu alibaki kule nyuma majuma mengine matatu, kwa sababu orodha ya viti ilikuwa imekwisha kupelekwa ofisini. Alikuwa akisimulia kisa hiki akicheka, lakini mwisho alikuwa haachi kusema kwamba siku ile ndipo alipojua mtoto anaweza kuwa anajua, na wakubwa wakajua kwamba anajua, na bado akaachwa palepale.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975 na sekondari mwaka 1979. Alifaulu masomo yote isipokuwa hisabati, ambayo aliikosa kwa alama mbili. Chuo cha ualimu kilitaka hisabati. Akaenda kukunja karatasi kiwandani kwa baba, miaka minne, mikono ikinuka gundi, akisubiri njia ifunguke.

Jumatatu ya tarehe 5 Septemba 1983 mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani alikuja mwenyewe kiwandani. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa amekwenda kujifungua, watoto sitini na mmoja hawana mtu, na alikuwa amesikia kuna binti wa mpanga herufi anayejua kusomesha watoto wa mtaa wake. Akamwomba ashike darasa kwa miezi mitatu. Mwalimu yule wa kwanza alijifungua salama, akahamia kwa mumewe, hakurudi. Miezi mitatu ilipokwisha ikaja barua ya mistari miwili: mhusika ataendelea na kazi ya msaidizi wa darasa kwa sasa, mpaka mwalimu mwenye sifa atakapopatikana. Walimu wenzake wakaifanya kuwa mzaha, wakamwita Kwa Sasa. Jina likamganda. Watoto nao walilichukua wakidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake, na wazazi wakawafuata watoto.

Ndugu waombolezaji, kwenye orodha ya watumishi marehemu aliandikwa msaidizi siku zote. Mwalimu mwenye sifa alikuwa akija, anakaa mwaka, anapandishwa au anahama. Kati ya mmoja kwenda na mwingine kuja, na mara nyingi hata akiwapo, aliyekuwa akifundisha ni dada yetu. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido, mkono wa kushoto, kina madirisha manne na moja halifungiki. Chati za silabi alizichora mwenyewe nyuma ya mabango ya zamani aliyopewa na baba. Mtoto aliyeshindwa kusoma hakuwekwa nyuma. Alikaa mbele, karibu na goti lake, na marehemu alisubiri. Watu wazima mliopo hapa mnaojua kusoma kwa sababu ya goti lile mnajijua.

Hakuridhika kubaki msaidizi. Tusije tukasema hapa kwamba alikuwa mtu wa kuridhika. Alirudia mtihani wa hisabati mwaka 1985 akashindwa, akaurudia mwaka 1987 akafaulu. Siku ya mwisho ya kupeleka maombi ya chuo cha ualimu ilikuwa Ijumaa, tarehe 12 Februari 1988, na dirisha la mapokezi lilikuwa linafungwa saa sita mchana. Aliomba ruhusa ya nusu siku. Alifika kwenye jengo la ofisi za elimu saa nne na nusu, fomu ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, akapanda lifti kwenda ghorofa ya tano. Lifti ikasimama kati ya ya pili na ya tatu.

Alikuwamo na karani mmoja wa masjala aliyekuwa na woga wa kufungiwa, na kwa saa nzima na nusu marehemu alimhesabisha karani yule vitufe vya lifti, kwenda mbele na kurudi nyuma, ili asipige kelele. Saa sita na dakika tano mlango ulipasuliwa kwa nondo, na kichwa cha kijana mwenye mafuta ya mashine usoni kikachungulia kutoka juu. Kijana akawapa pole, akasema wao wana bahati, jana alitoa watu waliokaa ndani saa nne nzima.

Marehemu akamuuliza, "Kaka, dirisha la mapokezi bado liko wazi?"

"Wamefunga, dada. Nimewapita sasa hivi wanakwenda kula."

Alikaa kwenye ngazi na bahasha yake. Fundi wa lifti akakaa ngazi ya chini yake, akapangusa mikono. Jumatatu yake alikuja shuleni kuuliza kama anaweza kumsaidia kitu. Akaja na Jumanne. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Juni 1989. Shemeji yetu, ambaye amekaa mbele hapa, alikuwa akisema kwamba lifti ile ilimpa mke na ikamnyima mke wake chuo, na mpaka leo hajui kama ashukuru au aombe radhi. Marehemu naye alikuwa na jibu lake. Akirudi kazini kachoka, akimkuta mumewe anawasimulia wageni habari za watu aliowaokoa siku hiyo, humwambia, "Unatoa watu wa watu waliokwama kila siku. Wa kwako yuko hapa anasubiri zamu."

Mwaka uleule wa ndoa alipeleka maombi mapema, akachaguliwa. Lakini chuo kilikuwa cha bweni, na kanuni zake hazikupokea mama mjamzito wala anayenyonyesha. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizaliwa Aprili 1990, na wa pili, wa kiume pia, mwaka 1992. Akaahirisha, kisha akaahirisha tena. Alipokuwa tayari, mwaka 1994, bodi ya usajili wa walimu ilitangaza kwamba vyuo vya miaka miwili havitapokea tena wanafunzi wa ualimu wa msingi. Tangu siku hiyo, anayetaka kusajiliwa kuwa mwalimu wa shule ya msingi lazima awe na shahada ya chuo kikuu: miaka minne, masomo ya mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Marehemu alisoma tangazo lile kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya walimu, akamaliza, akarudi darasani kwake, akaendelea na silabi za herufi ya m. Aliyesimulia hilo ni mwalimu wa zamu wa siku ile. Alisema sauti yake haikubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha.

Kwa kuwa sasa ualimu ulikuwa wa chuo kikuu, shule yao ilianza kuletewa wanafunzi wa mazoezi ya kufundisha. Hao walipangwa kwenye chumba cha mwisho kushoto. Kwenye fomu, msimamizi wao alikuwa mwalimu wa darasa mwenye usajili. Kwa kweli, aliyewakalisha chini akawaonyesha jinsi ya kuandaa andalio la somo, jinsi ya kuuliza swali ukanyamaza mpaka mtoto ajibu, jinsi ya kutuliza watoto sitini bila kupandisha sauti, ni dada yetu. Kusaini fomu zao hakuruhusiwa.

Mwaka 1998 alikuja binti mmoja mwenye miwani, mpole, anayeogopa kushika chaki. Marehemu alikesha naye mchana wa Jumapili nzima, kama alivyopenda kusema, wakitengeneza somo moja. Mhadhiri alipokuja kukagua alikaa nyuma ya darasa, akaandika sana, na somo lilipokwisha alisifu chati, akasifu mpangilio, akasema hajaona andalio zuri kama lile muhula huo. Binti akafungua mdomo kusema ukweli. Marehemu, aliyekuwa amesimama kando yake ameshika dasta, alimkanyaga mguu. Mhadhiri akaondoka. Binti akaanza kulia, akamwambia, "Dada, yale ni maneno yako."

Marehemu akamwambia, "Yangu hayana pa kuandikwa. Chukua wewe, yafike mbali."

Binti yule hakusahau. Ndiye aliyemletea habari, mwaka uliofuata, kwamba chuo kikuu kinafungua masomo ya Jumamosi na likizo kwa watu walio kazini. Miaka sita badala ya minne, lakini shahada ni ileile. Marehemu alijiandikisha Januari 2000, akiwa na miaka thelathini na saba na mtoto wa tatu, wa kike, mwenye miaka miwili. Kwa miaka sita hakuwa na Jumamosi. Ukumbi wa mihadhara ulikuwa na viti vilivyopangwa kwa ngazi kama uwanja wa mpira, na yeye alikaa safu ya kwanza, kwa sababu, alisema, nyuma alikwisha kukaa. Alisoma saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundisha kusoma, upimaji, na ile hisabati yake. Kwenye mtihani wa mbinu za kufundisha kusoma aliongoza darasa lote. Mwaka 2004 mumewe alianguka ndani ya shimo la lifti, akavunjika uti wa mgongo, na tangu hapo hakurudi tena kazini. Marehemu alisomea kando ya kitanda chake hospitalini, na karatasi za mtihani wa mwisho alizifanya Novemba 2005. Alifaulu zote.

Likabaki jambo moja. Kanuni zilidai wiki kumi na sita za mazoezi ya kufundisha, mfululizo, katika shule ambayo mwanafunzi hajaajiriwa. Mwanafunzi aliye kazini aombe likizo kwa mwajiri wake. Na msaidizi wa darasa, kwa kanuni za mwajiri, hana haki ya likizo ya masomo. Akiondoka, nafasi inajazwa. Nyumbani kulikuwa na mume asiyeweza kusimama, watoto watatu, na kazi moja tu: ya kwake.

Basi hapo ndipo alipokwama, ndugu zetu, na tunaomba mpaone vizuri mahali hapo. Ili athibitishe kwamba anaweza kufundisha, ilimpasa aache kufundisha. Alikwenda kwa mkuu wa kitivo kuomba afanyie mazoezi kwenye darasa lake mwenyewe, aliloshika miaka ishirini na mbili. Mkuu wa kitivo alimsikiliza kwa heshima, akamwagizia chai, akamwambia kanuni ni kanuni. Alikwenda kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akasema haiwezekani kwa sasa, na hakuona alichokisema. Kila Januari, kuanzia mwaka 2006, marehemu aliandika barua ya kuomba likizo ya wiki kumi na sita. Aliandika barua tisa. Majibu yalikuja nane. La tisa halikuja, kwa sababu mwalimu mkuu alistaafu kabla ya kuijibu barua. Na kila mwaka ukipita saa ilikuwa inakimbia, maana matokeo ya chuo kikuu yana umri: asiyekamilisha mazoezi ndani ya miaka kumi masomo yake yanafutwa, anaanza upya.

Miaka ile alibadilika. Hatutaficha. Nyumbani alikuwa mkali. Mdogo wake, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika maneno haya, alikwenda kumtembelea mara nyingi akamkuta amesimama dirishani na vyombo havijaoshwa, na akimuuliza anatazama nini anajibu kwamba hatazami kitu. Darasani hakuipeleka hali ile. Alikuwa akiivua mlangoni kama kanzu, na saa nane na nusu anaikuta palepale.

Mwaka 2014 aliletwa mwalimu mkuu mpya. Alikuwa yule binti wa miwani aliyekanyagwa mguu. Juma la kwanza alifungua faili la marehemu, akazikuta barua tisa zimebanwa pamoja. Alizisoma zote. Kisha akapiga simu kwa mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo ya reli, wakakubaliana jambo dogo ambalo hakuna aliyelifikiria kwa miaka tisa: wabadilishane wasaidizi kwa wiki kumi na sita. Hakuna anayekwenda likizo, hakuna nafasi inayoachwa wazi. Alipomwita marehemu ofisini kumwambia, marehemu hakukaa kwenye kiti. Akauliza kama ni halali. Akaambiwa ni halali. Akauliza tena. Kisha akaomba ruhusa arudi darasani, kwani watoto walikuwa peke yao.

Alifanya mazoezi yake Februari hadi Mei 2015, akiingia miaka hamsini na mitatu. Msimamizi aliyepangiwa alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusoma mwaka 1996. Kanuni zilimtaka marehemu amwite kijana Mwalimu. Kijana naye hakuweza kumwita jina lingine. Wakawa wanaitana Mwalimu, Mwalimu, korido nzima, mpaka watoto wakacheka. Kwenye fomu ya tathmini kulikuwa na sehemu ya udhaifu ambayo haikuruhusiwa kuachwa wazi. Kijana aliishikilia siku tatu, akashindwa, akaja kuomba ushauri kwa huyohuyo anayempima. Marehemu akamwambia aandike kwamba mwanafunzi anapaswa kuboresha matumizi ya muda. Siku hiyo alifika nyumbani anacheka. Mumewe anasema ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka namna ile tangu yeye mume alipoanguka.

Alitunukiwa shahada Novemba 2015. Bodi ilimsajili Jumatatu, tarehe 11 Aprili 2016. Juma lilelile alichukua cheti cha usajili akaenda ofisi ya ajira kuomba nafasi ya mwalimu, katika darasa lake mwenyewe. Karani alikagua karatasi zake moja moja, akazipanga vizuri, akazirudisha chini ya kioo. Mwalimu mpya haajiriwi akiwa amepita miaka arobaini na mitano.

"Mama, umechelewa," karani akasema.

Marehemu akamuuliza, "Nimechelewa, au nimecheleweshwa?"

Karani akamwita aliyefuata kwenye foleni. Dada yetu akarudi shuleni, akaingia chumba cha mwisho kushoto, akaendelea kuwa msaidizi wa darasa, miaka sita mingine. Kilichobadilika ni kimoja tu. Kwa kuwa sasa alikuwa na namba ya usajili, aliruhusiwa kusaini fomu za wanafunzi wa mazoezi. Wa kwanza kusainiwa alisema marehemu aliandika namba ile taratibu mno, tarakimu moja moja, kama mtu anayepanda ngazi, na akaikausha kwa kuipuliza ingawa kalamu ilikuwa ya kawaida. Alistaafu tarehe 9 Machi 2022, siku aliyotimiza miaka sitini.

Kuna jambo jingine, na mwenyewe aliagiza lisemwe. Miezi miwili baada ya ile siku ya kioo cha karani, binti yake, kitinda mimba, aliyekuwa amemaliza sekondari, alimletea fomu za chuo kikuu. Alichagua ualimu wa shule ya msingi. Sasa kwa kijana kama yeye njia ilikuwa nyoofu: miaka minne ya mchana, mazoezi ndani yake, usajili, ajira. Marehemu aliisoma ile fomu, akairudisha mezani, akasema hapana. Akamwambia asome kitu chochote duniani, lakini kwenye ile foleni hataingia mtoto aliyemzaa. Binti alilia siku mbili. Kisha akaandika sayansi ya maabara, akasoma, akafaulu, akaajiriwa. Alikuwa mtiifu. Hawakulizungumza tena.

Mwezi Agosti 2022 marehemu alianza kuvimba miguu. Ilionekana figo zote mbili zimechoka. Kuanzia Oktoba alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa juma, kwa muda wa saa nne kila mara, amelala kwenye kiti cha tatu kutoka dirishani, mkono umefungwa kwenye mashine. Alisema mashine ile ina tabia za ofisi: ukishaingia huruhusiwi kuondoka, na ukitoka unaambiwa urudi keshokutwa. Ilikuwa hospitali ileile anakofanya kazi binti yake. Damu ya mama ilipimwa na mwana, na mara nyingi binti ndiye aliyeleta majibu kitini mwenyewe, akayasoma kwa sauti ya kazi, halafu akambusu mama yake kwenye paji la uso kwa sauti nyingine.

Novemba iliyopita mdogo wake alikuwa ameketi naye. Marehemu akamwagiza hivi: "Najua mtaandika. Msiseme nilikuwa mvumilivu. Mvumilivu ni mtu mwenye mlango akaamua kukaa. Mimi nilikwama. Andikeni nilikwama, na nilifanya kazi palepale nilipokwama." Tumeandika, dada.

Siku hiyohiyo binti alileta majibu ya damu. Marehemu hakuyauliza. Alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, nilikufungia mlango nikidhani nakukinga. Mimi niliyefungiwa, nikaja nikakufungia wewe. Unaipenda kazi yako?"

Binti akasema, "Nimeizoea, mama."

Marehemu alikuwa amesikiliza watoto wakisoma kwa miaka thelathini na minane. Alijua mtoto anaposoma neno lililoandikwa na anapolikwepa. Akamuuliza kama hakuna njia. Binti akasema ipo. Siku hizi mwenye shahada nyingine anaweza kusoma ualimu wa msingi mwaka mmoja, mazoezi yakiwamo, halafu akasajiliwa. Mwisho wa maombi ni tarehe 15 Desemba. Alikuwa anaijua tarehe bila kuitazama popote.

Waliijaza fomu ile pamoja, siku tatu za mashine, binti akiandika na mama akikagua. Sehemu inayouliza sababu ya kuomba waliifuta mara nne. Marehemu alikataa sentensi zote za kumtaja yeye. Alisema mtu asiende kufundisha watoto kwa ajili ya mama yake, watoto watajua. Fomu ilipelekwa kwa mkono tarehe 11 Desemba, siku nne kabla, na binti alipanda kwa ngazi. Majibu yatatoka tarehe 2 Februari. Hatujui yatasemaje.

Dada yetu alifariki Alhamisi, tarehe 18 Januari 2024, saa nne asubuhi, mumewe na binti yake wakiwapo, akiwa na miaka sitini na mmoja na miezi kumi. Siku mbili za mwisho hakusema mengi. Aliomba dirisha lifunguliwe. Muuguzi akamweleza kwamba madirisha ya wodi ile hayafunguki, yalijengwa hivyo. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa jambo analolijua. Mumewe, ambaye hajasimama peke yake kwa miaka ishirini, alishika ukingo wa kitanda, akasimama, akavuta pazia pembeni. Ndivyo walivyokaa mpaka mwisho.

Familia inamshukuru mwalimu mkuu, wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, madereva waliombeba bila kuchoka, na majirani wa korido zote mbili, ya nyumbani na ya shuleni.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano na wadogo zake watatu. Kaka yetu mkubwa alitangulia mwaka 2011. Ameacha watoto wa darasa la kwanza aliowafundisha kusoma, ambao hesabu yao hakuiweka, kwa kuwa alisema watoto si magunia. Walimu aliowalea kwenye mazoezi alikuwa na majina yao yote. Ni arobaini na mmoja. Kumi na wawili fomu zao zina sahihi yake. Ishirini na tisa fomu zao zina sahihi za watu wengine.

Familia inawaomba hao ishirini na tisa, wale mlioweza kufika, msimame mlipo. Hamtaitwa majina wala hamtaombwa kusema lolote. Simameni tu, watu wawaone, wajue ni nani aliyewafundisha. Halafu mafundi waendelee taratibu na kazi yao ya kufunika kaburi, na dada yetu tumwachie Mungu, ampe mapumziko mema na amani isiyokwisha.